Asilimia Tisini na Saba

Nianze na jambo ambalo mtaa mzima unalijua, na asiyelijua ni mgeni wetu, karibu: tangu mama yangu anizae, mkono huu haujawahi kuharibu kompyuta. Sijisifu. Nina cheti. Kimening'inia ukutani juu ya redio, kina mhuri wa bluu na picha yangu nimevaa suruali ya krimu, mistari imenyooka kama reli. Kimeandikwa: "Chande wa Nyumba Namba Saba, Kijana Mahiri wa Kompyuta, Asiye na Doa." Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, kwa hiyo kilichoandikwa nimekisoma mwenyewe, tena mara nyingi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, uone nchi yetu inavyoweza kumtesa mtu asiye na kosa.

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Jina lake bado linasasishwa, na mpaka litakapokamilika tumeombwa tujiite wananchi tu. Miaka kadhaa nyuma, wakubwa wetu walisikia kuna mfumo wa kompyuta uitwao Linux, kwamba ni wa bure, na kwamba mtu anaweza kuuweka nyumbani kwake na kuongeza programu azitakazo bila kumwomba mtu ruhusa. Waliposikia "bure" walisimama wakapiga makofi. Waliposikia "bila kumwomba mtu ruhusa" wakakaa.

Ikatungwa sheria. Kila nyumba ikapewa kompyuta moja yenye Linux, na kila kompyuta kumi zikapewa balozi. Balozi wa Kompyuta Kumi ndiye mwenye neno la siri la mamlaka kuu, na bila neno hilo huwezi kuongeza hata mchezo wa karata. Balozi wetu ni Mzee Ngwali, mstaafu wa idara ya mizani, mtu mwema, anayeandika kwa kidole kimoja na kidole chenyewe kina baridi yabisi.

Mwaka huohuo ulizinduliwa Umeme wa Daima. Kuanzia siku ile ikawa marufuku umeme kukatika, na kwa kuwa ni marufuku, haukatiki. Wanawake wote wakagawiwa kanga zilizoandikwa UMEME WETU HAUKATIKI. Ugawaji ulichelewa saa tatu kwa sababu vipaza sauti vilikosa... vilikosa hamu. Tangu hapo, nyumba zikiwa giza, feni zikisimama na samaki wakiharibika kwenye friji, watu huulizana chini chini, "Kumetulia na kwenu?" "Kumetulia." Utulivu ni sifa ya nchi yetu.

*

Dada yangu Tunu ni mwalimu. Yaani ana cheti cha ualimu. Wanafunzi ndio hana. Alimaliza chuo miaka sita iliyopita akaambiwa asubiri kupangiwa shule, akakaa kusubiri huku akichoma vitumbua. Wazazi wetu walishatangulia, Bibi Siwatu ndiye aliyetulea, na vitumbua vya Tunu ndivyo vinavyotulea sisi na Bibi.

Lakini kila Jumapili, akishafua, Tunu huketi kwenye kigoda akaandika andalio la somo la wiki nzima. Darasa la Tatu, Hisabati, kujumlisha kwa kuchukua. Malengo ya somo, vifaa, zoezi la wanafunzi. Darasa halipo, zoezi lipo. Miaka sita! Madaftari yamejaa kabati mpaka nguo zangu zimehamia kwenye boksi. Siku moja nilimwuliza, "Da Tunu, hao watoto unaowaandalia si wameshaota ndevu?" Alinirushia kandambili, ikanipata.

Basi Jumatatu moja ikaja barua.

"Mwalimu Tunu, Serikali imekukumbuka. Nafasi yako ipo Shule ya Msingi Mtakuja. Thibitisha kwenye kompyuta ya nyumbani kwako, kwa programu ya POKEA toleo la tisa, kabla ya saa nne kamili asubuhi, siku ya Ijumaa. Usipothibitisha tutaelewa kuwa umepata kazi bora zaidi au umefariki, na tutakupongeza ipasavyo."

Tunu aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, kisha akampa Bibi aishike tu, maana Bibi hajui kusoma.

"Ni nzito," Bibi akasema. "Hii ya kweli."

Kompyuta yetu ilikuwa na POKEA toleo la tatu.

"Chande," Tunu akaniita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayembeba mtoto mchanga. "Hiyo mashine unaiweza?"

"Da Tunu, hilo unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe kwa sababu hakuna mwingine. Ningekuwa na mwingine ningemwuliza huyo."

"Lala usingizi. Kusasisha Linux kwangu mimi ni kama kumenya ndizi."

"Ndizi ya mwisho uliyomenya uliidondosha."

*

Jumatano asubuhi Mzee Ngwali akaja na bahasha, ndani ya bahasha, ndani ya soksi. Tunu akachomoa redio akachomeka kompyuta, kwani nyumba yetu ina soketi moja tu inayofanya kazi. Ile ya pili iliungua siku ya uzinduzi wa Umeme wa Daima, kwa furaha.

Kuna utaratibu. Balozi anapoandika neno la siri, wote waliomo chumbani wanageukia ukuta na kuimba wimbo wa taifa, ili mlio wa kibodi usisikike. Wimbo wetu una beti tano, na atakayetikisika unapoimbwa ana kesi, isipokuwa balozi aliyekwisha kukaa kwenye kibodi. Neno la siri lenyewe ni vyeo vyote vya Mkuu wa Nchi, kwa mpangilio, bila nafasi katikati.

Tukageuka. Tukaimba. Nyuma yetu: tok... tok...

"Chande! Mbona haiandiki?"

"Inaandika, mzee, ila haionyeshi."

"Nabonyeza na sioni kitu. Hata nukta."

"Ndivyo Linux ilivyo. Neno la siri hailionyeshi."

"Kwa hiyo nibonyeze gizani na niamini tu kwamba huko ndani linafika?"

"Uamini tu, mzee."

"Hayo nimeyazoea," akasema, kisha akakohoa haraka. "Imbeni!"

Mara ya kwanza mashine ikasema samahani, jaribu tena. Mara ya pili samahani. Mara ya tatu ikaandika: Tukio hili litaripotiwa.

Mzee Ngwali akarudi nyuma hatua mbili. "Kwa nani?"

"Haisemi, mzee."

Akafikiri. Ripoti zote za kompyuta kumi huletwa kwake. Basi akachukua karatasi, akajiandikia ripoti juu ya mwenendo wake, akaipokea, akaipiga mhuri, akajisomea kwa uso mkali, akajionya, akajisamehe. Yote kwa dakika ishirini. Mara ya nne, tuko ubeti wa tano na sauti ya Bibi imebaki kama ya paka, mashine ikakubali.

Hapo ndipo safari ikaanza. POKEA ikasema haiwezi kuingia bila programu iitwayo MHURI. MHURI ikasema haikai penye WINO wa zamani. WINO mpya ukataka KIDAU. KIDAU kikasema kiko tayari, ila hakiwezi kuishi nyumba moja na POKEA toleo la tatu.

"Ni wake wenza," Mzee Ngwali akasema, akitikisa kichwa kama mtu mwenye uzoefu. "Mtoe huyo wa zamani kwanza, halafu walete wote kwa pamoja."

Vikawa vifurushi vya programu mia mbili na kumi na viwili. Mashine ikauliza: ndiyo au hapana? Tunu akabonyeza ndiyo yeye mwenyewe, kwa kidole cha shahada, kama mtu anayegusa maji ya moto. Ikatokea asilimia moja. Chini yake, onyo: Usizime kompyuta kabla ya asilimia mia.

Sheria inataka shahidi akae mbele ya mashine mpaka mwisho. Lakini Mzee Ngwali alikuwa na shughuli ya saa kumi, ile ya vyeti vya mtaa, na viti vilikuwa havijapangwa. Akamteua Bibi kuwa Kaimu Shahidi wa Usasishaji. Akatoa wino wa zambarau, Bibi akatia dole gumba kwenye fomu.

"Sasa mimi nifanye nini?" Bibi akauliza.

"Uangalie tu, Bi Siwatu. Na ukumbuke ulichokiona."

"Hilo naliweza. Ndilo nililobakiziwa."

Tunu naye akajitanda, anakwenda kuwaaga wateja wake wa vitumbua. Mlangoni akageuka.

"Chande. Kitu kimoja tu. Usiiguse."

"Da Tunu, unaongea na mtu anayepewa cheti saa kumi."

"Naongea na mdogo wangu. Usiiguse."

Nikakaa na Bibi. Asilimia thelathini. Sitini. Bibi akiangalia kama anaangalia wali usiungue. Themanini. Saa tisa na nusu ikawa tisini na tano, tisini na sita.

Ilipofika asilimia tisini na saba, umeme ukakatika.

Basi. Hapo sina la kuongeza.

*

Sherehe ilifana. Niliitwa mbele, nikapigwa picha, na mtu mmoja wa safu ya nyuma akasema kwa sauti, "Kijana kanyooka huyo, mpaka suruali!" Mzee Ngwali akahutubia kwamba taifa linajengwa na vijana wasiogusa wasichotumwa.

Niliporudi, Tunu alikuwa amekaa mbele ya kompyuta. Skrini nyeusi, maandishi meupe: Vifurushi 212 viko njia panda. Mfumo hauwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Bibi alikuwa chumbani amelala.

"Imefanyaje, Chande?"

"Kulitulia, da Tunu. Ghafla."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na... kabla ya kumi."

"Mimi kabla ya kumi nilikuwa dukani, na feni ya dukani ilikuwa inazunguka."

"Umeme wa dukani si wa kwetu. Ule ni wa biashara."

Tunu ninayemjua mimi hukasirika kwanza akafikiri baadaye. Siku hiyo hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alikunja mikono mapajani, bado ina unga.

"Unajua, Chande," akasema, "nimesahau sauti yangu ya darasani. Jana nilijaribu chooni. Nikasema, 'Habari za asubuhi, watoto.' Nikajisikia aibu, nikamwaga maji ili nisijisikie."

Nilibonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja kisha viwili viwili. Nikapuliza nyuma ya mashine. Nikaisifu, nikaitukana, nikaizima nikaiwasha. Kila mara iliuliza kitu kimoja: neno la siri la mamlaka kuu.

*

Alhamisi alfajiri tulikuwa kwa Mzee Ngwali. Akatoa fomu ya Vifurushi Vilivyokwama, akavaa miwani, akasoma sababu zinazotambuliwa na Serikali.

"Namba moja, kuchomolewa waya. Namba mbili, panya. Namba tatu, mafuriko. Namba nne, vita. Ni ipi?"

Tunu akaichungulia fomu.

"Kama ni namba moja," akaendelea kwa upole, "hiyo hata si kesi. Nakuja nyumbani, naandika mstari mmoja, mashine inaendelea palepale ilipoishia. Dakika tano. Hutokea sana. Vijana huchomoa wakapiga pasi."

"Nani? Mimi?"

"Sijasema wewe, baba. Nasema vijana. Ila tukiweka alama hapo, cheti kinarudi, na jina linasomwa kwenye mkutano wa mtaa Jumapili."

Tunu aliniangalia. Mimi nikamwangalia Mzee Ngwali. Mzee Ngwali akaangalia kalamu.

"Umeme ulikatika," nikasema.

Kalamu ikaanguka. Mzee akainuka, akafunga dirisha, akafunga mlango, akarudi akiwa na jasho.

"Mwanangu, sema kulitulia."

"Kutulia hakumo kwenye fomu, mzee."

"Hakumo kwa sababu si hitilafu! Kutulia ni maendeleo! Mwanangu, panya. Hatuwezi kuweka panya? Panya hana wa kumtetea."

"Sisi hatuna panya," Tunu akasema. Dada yangu ana tatizo la kusema kweli, amelipata chuoni. Kisha akanigeukia. "Chande. Niangalie usoni. Umeme ulikatika?"

"Ulikatika."

"Naandika, basi," Mzee Ngwali akasema, akiokota kalamu. "Na nikishaandika, haiko tena mikononi mwangu. Hili sasa ni la Tume."

*

Tume ya Kuchunguza Yasiyotokea hukutana kila Ijumaa saa tatu, katika ukumbi wenye feni tatu na saa kubwa ya ukutani. Tunu aliibeba kompyuta kichwani kutoka nyumbani, maana kielelezo lazima kihudhurie. Ikachomekwa mezani, ikaonyesha weusi wake kwa wajumbe wote.

Mwenyekiti ni Mheshimiwa Ndonga, mtu mwenye sauti ya kufungulia makongamano. Alianza saa tatu kamili kwa kutushukuru kwa kufika, akashukuru ukumbi, akashukuru viti. Saa tatu na robo akaingia kwenye mada.

"Ndugu wananchi! Mbele yetu kuna tuhuma nzito kwamba jambo lisilowezekana liliwezekana, katika Nyumba Namba Saba, kinyume cha sheria na bila kibali! Ikiwa umeme ulikatika, basi mimi Ndonga sikuuzindua. Na ikiwa sikuuzindua, ile keki niliyoikata ilikuwa ya nini?"

Makofi. Mzee Ngwali alipiga kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa kifuani umeshika soksi yenye bahasha.

Saa tatu na dakika ishirini na tano Tunu akaruhusiwa kusema. Alisimama na daftari lake.

"Waheshimiwa, mimi sikuja kulaumu umeme. Sikuja kumlaumu mtu. Nina nafasi ya kufundisha inayofungwa saa nne. Nimeisubiri miaka sita. Nina maandalio ya masomo ya wiki mia tatu na kumi na mbili, hili ni la wiki ijayo, watoto wataanza na vijiti kumi kumi. Naomba mashine hii ifunguliwe, au niongezewe siku. Mkisema ni panya, nitasema ni panya. Mkisema ni mimi, nitasema ni mimi." Akalishusha daftari. "Hiyo tu."

Na mimi, pembeni yake, nikajikuta nakitazama kidole gumba cha mguu wangu kwa makini sana, kama kina maandishi.

Hata Mheshimiwa Ndonga aliguswa. Akanong'onezana na wajumbe, wakaandika, wakafuta, wakaandika. Saa tatu na dakika arobaini na tano akasimama.

"Tume, kwa hekima yake, imepata maneno. Umeme haukukatika. Ila inawezekana ulitulia kwa kiwango kilichopitiliza. Kwa Utulivu Uliopitiliza, sheria inampa mwananchi siku kumi na nne. Mwalimu, utapata siku zako!"

Tunu akashika ukingo wa meza. Nikaona mabega yake yakishuka, mabega ambayo kwa miaka sita sijayaona yakishuka. Mjumbe mmoja akafungua kisanduku, akatoa mhuri, akaupumulia.

"Kinachotakiwa," akasema Ndonga, "ni shahidi wa kiapo aliyekuwapo. Fomu inasema... Bi Siwatu. Aingie."

Saa ilikuwa inakaribia nne kasoro kumi. Nikawaza: Bibi haoni vizuri, Bibi alikuwa anasinzia, Bibi anasahau hata jina langu akaniita la marehemu babu. Tumepona.

Bibi akaingia taratibu, amevaa kama anakwenda harusini. Amejitanda ile kanga ya uzinduzi, na kanga ilikuwa imenyooka, haina hata kunyanzi moja, mpaka maandishi yake yalisomeka kutoka safu ya mwisho: UMEME WETU HAUKATIKI.

"Bi Siwatu," Ndonga akasema kwa sauti laini, "hatutakuchosha. Jumatano, mashine ilipofika tisini na saba, umeme ulitulia au haukutulia?"

Bibi akaniangalia kwanza, akatabasamu. Ananipenda sana Bibi.

"Mheshimiwa, mimi naomba kwanza nimsemee mjukuu wangu, maana nasikia huko nje watu wanamsema. Huyu ni mtoto mwenye huruma. Siku ile alikuwa na haraka ya shughuli yake, suruali imejikunja. Akachomoa waya mweusi wa hiyo mashine, akachomeka pasi. Akaniambia, 'Bibi, dakika mbili tu.' Akapiga suruali yake. Angeweza kuondoka, sivyo? Lakini akaniangalia akasema, 'Bibi, lete na kanga yako.' Akanipigia. Hii hapa. Tazameni." Akaifungua mabegani, akajigeuza taratibu ili wajumbe wote waione. "Umeme ulikuwa mzuri mno. Pasi ilikuwa ya moto mpaka ikatoa moshi."

Wallahi nimeishi nchi hii miaka kumi na tisa, na siku hiyo ndiyo siku pekee Serikali ilisema kweli. Na ilikuwa lazima iwe siku hiyo.

Mzee Ngwali ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Aliruka kama kijana. "Kuchomolewa! Ni namba moja! Mstari mmoja tu, waheshimiwa, dakika tano!" Saa ya ukutani: nne kasoro dakika nane.

"Mzee Ngwali, bahasha!" Tunu akapiga kelele. "Fungua bahasha, mzee wangu, fungua!"

Mzee akaanza kuivuta soksi. Lakini Mheshimiwa Ndonga hakuwa amesikia habari za waya. Alikuwa amesikia habari za umeme. Macho yamemjaa machozi.

"Haukukatika!" akanguruma. "Ndugu wananchi, haukukatika! Shahidi wa kiapo, bibi wa umri huu, kathibitisha! Na kanga ile niliigawa mimi! Wote, simameni! Wimbo wa taifa!"

Ukumbi mzima ukasimama wima.

Nimekwambia wimbo wetu una beti tano, na atakayetikisika ana kesi. Mzee Ngwali alikamatwa na ubeti wa kwanza mkono ukiwa ndani ya soksi. Akabaki hivyo. Tunu alikamatwa hatua moja kutoka kwenye kibodi, mkono mbele. Akabaki hivyo. Midomo yake iliimba, maana kutoimba pia ni kesi, na machozi yalishuka mpaka kidevuni akayaacha, maana kujifuta ni kutikisika. Kasoro saba. Kasoro sita. Ubeti wa tatu ndio mrefu, unataja mito. Macho ya Tunu yalikuwa kwenye saa, yakatoka kwenye saa, yakashuka kwenye suruali yangu ya krimu, yakafuata mstari kutoka kiunoni hadi kwenye kiatu, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha. Hapo nilitamani sana kutikisika. Kasoro mbili. Mheshimiwa Ndonga akaomba ubeti wa tano urudiwe.

Tulipomaliza, ilikuwa saa nne na dakika moja.

Mzee Ngwali aliandika hata hivyo. Hakuna aliyeambiwa ageuke, hakuna aliyeimba. Tok, tok, akapatia mara ya kwanza. Akaandika ule mstari mmoja. Tisini na saba. Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia. Skrini ikawa ya bluu nzuri kama kitambaa cha meza, na POKEA toleo la tisa likafunguka lenyewe:

"Karibu, Mwalimu Tunu. Muda umekwisha. Nafasi amepewa anayefuata. Tunakupongeza ipasavyo."

Mjumbe akaurudisha mhuri kwenye kisanduku. Watu wakaanza kutoka, wakimpa Ndonga mkono. Tunu alifunga daftari la wiki ijayo, akalaza kiganja juu ya jalada. Kisha akanigeukia, na ile sauti aliyoisahau, ile ya darasani, ikamrudia yote.

"Chande. Simama vizuri. Jibu swali. Umeme ulikatika?"

Naapa sikukusudia. Ni mdomo tu, ulikuwa umeshazoea njia. Nikaufungua, na lile neno lilikuwa tayari liko juu ya ulimi, lilipotokea pembeni yangu dole gumba la zambarau, wino haujatoka bado, limeinuliwa juu kama la mwanafunzi anayejua jibu.

"Haukukatika, mwanangu," Bibi akasema kwa furaha. "Niulize mimi. Mimi ndiye shahidi."